Maswali Yenu ya Hesabu: Wastani, Grafu na Ile 0.3 ya Mtu

Ripoti za shule zimetoka na meseji zimejaa, na karibu zote mwezi huu zinahusu takwimu. Nimefurahi kwa kweli, maana hii ndo mada ya hesabu ambayo mtoto anakutana nayo kila siku, kwenye simu, kwenye taarifa ya habari, kwenye ripoti yake mwenyewe, halafu darasani inasukumiwa mwishoni mwa muhula watu wameshachoka. Yanayofanana nimeyaunganisha.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mwanangu wa darasa la sita kaleta ripoti, hesabu kapata 50 na wameandika wastani wa darasa ni 52. Baba yake kaja juu, anasema mtoto yuko chini ya wastani kwa hiyo yuko nusu ya mwisho darasani. Mtoto analia anasema mbona wengi nimewapita. Nani mkweli hapo? (Mama, Morogoro)

JIBU: Marahaba mama. Mtoto anaweza kabisa kuwa mkweli, na namuomba baba asome hapa taratibu.

Wastani unapatikana kwa kujumlisha maksi zote na kugawanya kwa idadi ya watoto, basi. Haujui nani wa kwanza nani wa mwisho. Tuchukue watoto 11 tu ili tuweze kuwaona wote, tuseme maksi zao ni hizi: 30, 34, 38, 40, 44, 46, 50, 52, 60, 84, 94. Jumlisha unapata 572, gawanya kwa 11 unapata 52 kamili, yani wastani ule ule wa kwenye ripoti yenu. Sasa mtafute mwenye 50. Yuko wa saba ukihesabu kutoka chini, wa tano ukihesabu kutoka juu, amewaacha sita nyuma yake. Mtoto kawapita wenzake wengi na bado yuko chini ya wastani, vyote viwili ni kweli kwa wakati mmoja.

Kilichotokea ni wale wawili wa juu, wa 84 na 94. Hao wameuvuta wastani kwenda kwao. Watoe hao wawili uone, wanabaki tisa wenye jumla ya 394, wastani unashuka mpaka kama 43.8, na mwenye 50 ghafla anakuwa juu ya wastani bila kuongeza hata maksi moja. Kwenye darasa zima hapo, waliovuka 52 ni watatu tu.

Namba inayojibu swali la baba, yani "mtoto yuko nusu ya juu au ya chini", inaitwa mediani, maksi ya mtu wa katikati. Unawapanga wote kwa mstari kutoka mdogo hadi mkubwa afu unamchukua wa katikati, kwa watoto 11 ni wa sita, hapa ana 46. Ukizidi 46 uko nusu ya juu. Na wakiwa idadi shufwa, tuseme kaongezeka wa 12 mwenye 70, unachukua wa sita na wa saba, 46 na 50, unajumlisha unagawa kwa mbili inakuja 48. Wanafunzi mnaosoma hapa, kosa linalowamaliza kwenye mtihani ni kuchukua namba ya katikati kabla hamjapanga, mnaichukua kama ilivyoandikwa kwenye swali. Panga kwanza!

Sasa mama, maksi za darasa la mwanao mimi sina, mwalimu wake anazo. Nenda umuombe vitu vitatu: maksi ya katikati, ya juu kabisa na ya chini kabisa. Na muhula uliopita mtoto alipata ngapi, hilo nalo muulizane hapo hapo nyumbani maana linamhusu yeye zaidi kuliko wastani wa wenzake.

SWALI: Mimi niko darasa la saba Dodoma. Tumefundishwa kwamba sensa ya 2022 ilikuta kaya moja Tanzania ina watu 4.3 kwa wastani. Huyo mtu 0.3 ni nani jamani?

JIBU: Swali zuri sana mdogo wangu, na watu wazima wengi wanalo ila wanaona aibu kuliuliza.

Hakuna nyumba yoyote yenye watu 4.3 na wala takwimu haisemi ipo. Chukua kaya kumi mtaani kwenu, tuseme zina watu 1, 2, 3, 3, 4, 4, 5, 6, 7 na 8. Jumla watu 43. Wangegawanywa sawasawa kwenye zile nyumba kumi kila nyumba ingepata 4.3. Hiyo ndo maana yake, ni mgao ambao ungekuwepo kama wote wangelingana, na kwa kuwa hawalingani namba inaweza isifanane na nyumba yoyote. Ukiizungusha ikawa 4 unapoteza kitu, kwa sababu sensa ya 2012 wastani ulikuwa 4.7 na ya 2022 ukawa 4.3, ukizungusha unapata 5 na 4, mtu atadhani kila kaya imepungua mtu mmoja kamili. Kumbe ni 0.4. Hiyo desimali ndo inayobeba habari yenyewe, iache ilivyo.

SWALI: Mwalimu mimi ni Form Two, Tanga. Tulipewa kuchora grafu ya mstari ya idadi ya watu Tanzania kwa miaka ya sensa. Nimeweka miaka chini kila mmoja sentimita 2, pointi zote nimepiga sahihi, ticha kanikata maksi nne kasema skeli mbovu. Mbona naona kanionea?

JIBU: Hajakuonea, na kosa lako ni zuri mno kujifunzia, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Sensa za Tanzania tangu Muungano ni 1967, 1978, 1988, 2002, 2012 na 2022. Angalia nafasi kati yake: miaka 11, halafu 10, halafu 14, halafu 10, halafu 10. Hazilingani. Wewe umezipa zote sentimita 2, yani kwenye karatasi yako miaka 14 na miaka 10 ni urefu ule ule.

Tuone hiyo inaharibu nini. Idadi ya watu kwa milioni ni 12.3, 17.5, 23.1, 34.4, 44.9 na 61.7. Kutoka 1988 mpaka 2002 tuliongezeka milioni 11.3, kutoka 2002 mpaka 2012 tukaongezeka milioni 10.5. Kwenye grafu yako kipande cha kwanza kinapanda mwinuko mkali, kinachofuata kinalegea kidogo, na yeyote atakayeiangalia atasema kumbe baada ya 2002 Watanzania walipunguza kasi ya kuongezeka. Sasa gawanya kwa miaka. Milioni 11.3 kwa miaka 14 ni kama laki 8 kwa mwaka. Milioni 10.5 kwa miaka 10 ni zaidi ya milioni moja kwa mwaka! Kasi iliongezeka, grafu yako inasema ilipungua. Namba zako zote sahihi, pointi zote sahihi, na picha imesema uongo. Ndo maana ticha kakata nne, si moja.

Rekebisha hivi: mhimili wa chini weka sentimita 1 kwa kila miaka 5. Ukianzia 1967, sensa ya 1978 inakaa sentimita 2.2 mbele, ya 1988 inaongezeka 2.0, ya 2002 inaongezeka 2.8, halafu 2.0 na 2.0, jumla sentimita 11, inaenea vizuri kwenye karatasi ya grafu. Mhimili wa kusimama weka sentimita 1 kwa milioni 5, ile ya 2022 itafika kama sentimita 12.3. Ukishachora weka rula juu ya kila kipande ulinganishe mwinuko, utaona kila kipande kinasimama zaidi ya kilichotangulia, na cha mwisho ndo kikali kuliko vyote, karibu milioni 1.7 kwa mwaka. Hicho ndicho kilichotokea kwenye nchi.

Nakushauri uichore upya hata kama maksi hazirudi, afu uziweke zote mbili pembeni kwa pembeni ndani ya daftari.

SWALI: Grafu ya pau ina nafasi kati ya pau, histogramu haina, kwa nini? Na pai chati pembe tunazipataje? (Wanafunzi watatu tofauti mmeuliza, Mbeya, Kigoma na Mombasa)

JIBU: Jiulizeni kwanza kitu mlichohesabu ni cha aina gani.

Mkiuliza wanafunzi 40 wanakuja shule kwa njia gani, majibu ni miguu, daladala, bodaboda, baiskeli. Kati ya daladala na baiskeli hakuna kitu cha katikati, ni vitu viwili tofauti, na ukivibadilisha nafasi kwenye grafu hakuna kinachoharibika. Kwa hiyo pau zinaachana. Lakini mkipima urefu wa hao 40 kwa sentimita, mkapata makundi 140 hadi 144 watu 5, 145 hadi 149 watu 11, 150 hadi 154 watu 14, 155 hadi 159 watu 7, 160 hadi 164 watu 3, hapo kundi moja linapoishia lingine linaanza. Mtoto mwenye 144.7 yuko wapi? Mmemzungusha akawa 145. Kwa hiyo mpaka halisi kati ya kundi la kwanza na la pili ni 144.5, na pau zote mbili zinagusa hapo hapo. Ukiacha nafasi umesema kuna urefu ambao binadamu hawezi kuwa nao. Na huwezi kuzipanga upya ukaweka 160 kabla ya 140, mpangilio wenyewe ni habari.

Pai chati ni duara, nyuzi 360, na duara zima ni watu wote. Wale 40 tuseme miguu 18, daladala 10, bodaboda 8, baiskeli 4. Kila mtu anapata 360 gawanya kwa 40, nyuzi 9. Basi miguu ni 162, daladala 90, bodaboda 72, baiskeli 36. Jumlisha kabla ya kushika bikari, isipofika 360 kuna sehemu umekosea. Na tafadhali pai chati isizidi vipande vitano au sita, jicho la mtu linalinganisha urefu wa pau vizuri kuliko upana wa pembe, vipande vikiwa vingi hakuna anayeona kipi kikubwa. Hizi pau na hili duara, aliyezifanya zijulikane ni Mskoti mmoja William Playfair, pau mwaka 1786 na duara 1801, na alizichora kuonyesha mambo ya biashara na mapato ya nchi, kwa hiyo tangu mwanzo zilikuwa kazi ya watu wazima wenye maswali ya pesa.

SWALI: Nauza viatu vya shule Kariakoo. Mdogo wangu yuko Form Three ananiambia nisiagize mzigo kwa kukisia, nitafute modi. Ndo nini?

JIBU: Mdogo wako anakupenda kaka. Modi ni namba inayojirudia mara nyingi kuliko zote. Shika daftari la mauzo, kila ukiuza jozi piga kistari kwenye mstari wa saizi yake, vinne vimesimama na cha tano kinavikata, wiki ikiisha unahesabu kwa tano tano. Tuseme umeuza jozi 40, saizi 33 jozi 14, saizi 34 jozi 6, saizi 36 jozi 2, saizi 38 jozi 6, saizi 39 jozi 12. Wastani unatoka 35.85, karibu 36. Ukiagiza mzigo wa 36 umekwisha, maana 36 umeuza mbili tu. Modi ni 33. Ila usiishie kwenye modi pekee, chora hata kwa mkono uone kuna vilima viwili, kimoja cha wadogo wa primary kwenye 33 na kingine cha wa sekondari kwenye 39, na hao wawili peke yao ni jozi 26 kati ya 40.

SWALI: Kwenye grupu la wazazi la WhatsApp mtu katuma grafu ya shule mbili, pau ya shule moja ni ndefu mara nne ya nyingine, watu wameanza kupanga kuhamisha watoto. Nimeangalia namba ni asilimia 98 na 92 za ufaulu. Inawezekanaje? (Mzazi, Mwanza)

JIBU: Angalia chini kabisa ya ule mhimili wa kusimama. Nina uhakika haukuanzia sifuri, umeanzia 90. Hapo shule ya 92 inabaki na vipimo 2 juu ya mstari na ya 98 inabaki na 8, na 8 ni mara nne ya 2. Pau inasomwa kwa urefu wake wote, ukikata miguu yake umekata maana, kwa hiyo grafu ya pau lazima ianzie sifuri. Grafu ya mstari inaruhusiwa kuanzia juu zaidi, mradi mhimili umeandikwa wazi, maana pale tunasoma mwinuko.

Afu uliza watahiniwa walikuwa wangapi. Kama kila shule ilikuwa na 50, asilimia 98 ni watoto 49 na 92 ni watoto 46. Tofauti ni watoto watatu. Waandikie hivyo kwenye grupu, kwa upole tu, kabla mtu hajalipa ada kwingine.

SWALI: Habari mwalimu. Nafunza Grade 7 hapa Nakuru, na kwa hii mtaala mpya kuna sehemu ya data. Kompyuta hatuna za kutosha na watoto wanaona ni kunakili tu majedwali ya kitabu. Si unipe kitu cha kufanya?

JIBU: Nzuri mwalimu mwenzangu. Kompyuta haihitajiki kabisa kwa kuanzia. Tafuta vizibo vya soda, mikahawa ya karibu watakupa bure, na chaki.

Kila mtoto apime shubiri yake, kutoka ncha ya kidole gumba hadi ncha ya kidole kidogo mkono ukiwa umetanuliwa, kwa sentimita nzima. Nje kwenye sakafu ya simenti chora mstari namba kutoka 12 hadi 25. Kila mtoto aje aweke kizibo chake juu ya namba yake, kikikuta kingine kinapandishwa juu yake kwa mstari. Wakimaliza waache wasimame waangalie kwanza, usiseme kitu. Watasema wenyewe, huku kumejaa, huku hakuna mtu, yule yuko peke yake kule mwisho. Hapo ndo unawapa maneno, kilima ni modi, kutoka wa mwisho huku hadi wa mwisho kule ni masafa. Mediani waifanye kwa mikono, watoto wawili wasimame, mmoja kila mwisho, watoe kizibo kimoja kimoja kwa pamoja mpaka kibaki kimoja katikati, au viwili kama idadi ni shufwa. Mtoto aliyefanya hivyo hatasahau kupanga namba, maana vizibo vimeshajipanga.

Na lazima mmoja atakuja na namba ya ajabu, kaandika 91 badala ya 19, au kashika rula kuanzia upande wa inchi. Kizibo chake kitakosa pa kukaa au kitakaa mbali peke yake. Usimfiche wala usimfute haraka, wapime upya mbele ya wote waamue kama ni kosa la kupima au kweli ana mkono mkubwa, maana siku nyingine itakuwa kweli.

Wakikuuliza hivi vitu vinasaidia nini, wasimulie Florence Nightingale, nesi wa Uingereza aliyehudumia askari kwenye vita vya Crimea. Alikusanya idadi ya vifo mwezi kwa mwezi, na mwaka 1858 akazitoa kwenye michoro ya rangi iliyoonyesha kwamba askari wengi waliuawa na magonjwa yanayozuilika kuliko majeraha ya vita, na michoro hiyo ikatumika kudai usafi kwenye kambi na hospitali za jeshi. Wanafunzi wako wanaweza kuanza na la kwao, mfano wangapi walikosa shule kila siku ya wiki na kwa sababu gani, wahesabu mwezi mzima, wachore, wampelekee mkuu wa shule. Mstari namba wa chaki utafutika na mvua, kwa hiyo kabla hamjaondoa vizibo kila mtoto anakili ule mpangilio kwenye daftari, nukta moja kwa kila kizibo, na aandike chini yake nini kimepimwa na kwa kipimo gani.